Sakafu ya Juu kwa Mama Redio

Mwalimu wa udereva alishuka ngazi za nje na godoro lake begani, na Mama Redio alikuwa amesimama chini, mikono kiunoni, akimsubiri afike ili amuulize kwa mara ya mwisho.

"Mwanangu, tumekukosea nini sisi?"

"Hamna kitu, mama. Ni sakafu tu."

"Sakafu imekufanya nini?"

Mwalimu akatazama juu alikotoka, kisha akamtazama Mzee Mashine, mume wa mama huyo, aliyekuwa ameketi kibarazani akitabasamu kama mtu anayefuatilia mazungumzo, na kumbe hakuwa amesikia hata nusu neno. "Ni sakafu tu, mama," akarudia. Akalitupa godoro kwenye mkokoteni, akaaga kwa adabu zote, akaenda zake.

Basi hapo ndipo palipomkera Mama Redio. Mtu akikuhama kwa ugomvi, unajua la kusema mtaani. Lakini huyu aliondoka kwa adabu, tena adabu iliyojaa. Na fundi cherehani aliyekaa pale kabla yake naye alisema sakafu. Na maharusi waliotangulia kabla ya fundi cherehani, walipoulizwa, bibi harusi aliinamisha uso kwa aibu, bwana harusi akajibu kwa niaba yake: sakafu.

Kwa kweli sakafu yenyewe haikuwa ya kujivunia. Nyumba ilikuwa ya zamani, ghorofa moja, wenyewe wanakaa chini na juu ni vyumba viwili vya kupangisha. Sakafu ya juu ilikuwa ya mbao zilizopigiliwa juu ya boriti, na mbao hizo hizo, ukiziangalia kutoka chini, ndizo zilikuwa dari ya Mama Redio. Mchwa walishakula pembe moja. Kwingine mbao zilikuwa zimeachana hadi jua la asubuhi likipiga dirisha la juu, mistari ya mwanga ilishuka mpaka kwenye kochi la chini. Kila hatua ya mpangaji ililia, na Mama Redio aliyekuwa chini aliisikia.

Jina la Redio alipewa na mtaa kwa sababu mbili. Kwanza, habari haikuwahi kumpita wala kulala kwake. Pili, sauti. Mumewe alikuwa ameendesha mashine ya kusaga nafaka tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na mashine ile ilichukua masikio yake kidogo kidogo mpaka ikamaliza. Kumwambia kwamba chai iko mezani ilibidi upaze sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Mtoto wao aliwahi kumnunulia kifaa cha kuvaa sikioni, lakini kilimpigia mluzi siku ya kwanza, naye akakifungia kabatini pamoja na tai yake ya harusi.

* * *

Mtoto huyo, mhasibu, alikuja mwisho wa wiki na viatu vinavyong'aa. Hakuvivua, jambo ambalo mama yake aliliona na kulimeza.

"Mama, hii nyumba inatuchosha," alisema, akimpa baba yake mgongo. "Mpangaji haingii, bati linavuja, na kodi ya juu ndiyo mnayoitegemea kwa kila kitu. Mwezi ukiisha vyumba vikiwa vitupu, tunauza. Wewe unakuja kwangu, unanisaidia na watoto. Baba anakwenda shambani kwa Baba Mkubwa, kule kuna hewa safi."

"Hewa ya huku ina nini?"

"Mama, nazungumza mambo ya maana."

"Na kwako hatuwezi kuja wote wawili?"

"Nafasi ni moja, na utalala na watoto." Akasema hivyo kwa upole, kama karani anayekuambia dirisha limefungwa. "Si adhabu, mama. Ni hesabu."

Mzee Mashine alikuwa akimtazama mkewe usoni. "Anasema nini?" akauliza.

Mama Redio akamtazama mumewe. Miaka yote ile hajawahi kulala chumba kingine mbali na mtu huyu, ila alipokwenda kujifungua huyu huyu mwenye hesabu. Akavuta pumzi, akapaza sauti: "Anasema tutengeneze sakafu."

"Hilo ni wazo zuri," akasema mzee, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

* * *

Fundi wa sakafu alikuja na begi la vipande vya mfano, akavipanga mezani kama mchuuzi wa vitambaa. Alikuwa mtu wa mdomo mwepesi, na tepu yake ilining'inia mkandani kila alikokwenda.

"Nataka vigae," akasema Mama Redio, si kwa sababu alivitaka, bali kwa sababu jirani wa mbele alikuwa navyo.

"Vigae kwenye mbao hizi, mama? Mbao inacheza, kigae hakichezi. Kabla mwaka haujageuka vitakuwa vimepasuka vyote, na utanitafuta mimi."

"Zulia la plastiki je?"

"Bei yake nzuri. Ila mpangaji akiburuta kitanda mara moja, limechanika. Akihama, mnaanza kugombana nani amelichana." Fundi akasukuma kando vipande hivyo viwili, akanyanyua cha tatu kwa vidole viwili, kwa heshima. "Kwa nyumba ya kupangisha mimi nakushauri hizi. Mbao za kubana. Zinaingiana zenyewe bila msumari, ukizifuta kwa kitambaa zimetakata. Na chini yake tunatandika sponji hii. Ukiweka hii, mama, mtu acheze ngoma juu, wewe chini unalala."

Mama Redio akaibonyeza sponji kwa kidole. Kidole kikazama. Hakuipenda.

"Asisikike kabisa?"

"Kabisa."

"Hata akitembea na viatu?"

"Hata akiangusha sufuria."

"Na akiugua je? Mpangaji wa watu anakata roho huko juu, mimi niko chini nakunywa chai?"

Fundi akamtazama vizuri. "Mama, kwani wewe unataka sakafu au unataka zamu ya ulinzi?"

Swali lilikuwa la utani, lakini lilimgusa penyewe. Ukweli ni kwamba Mama Redio aliishi na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa kimya kama gunia. Watu wa juu ndio waliokuwa mazungumzo yake. Alijilaza kwenye kochi saa za mchana akasoma miguu yao kama wengine wanavyosoma gazeti. Ni kwa miguu alijua kwamba mwalimu wa udereva alikula akiwa amesimama, akizunguka zunguka na sahani. Ni kwa miguu alijua kwamba fundi cherehani alikuwa na mgeni, na mgeni huyo alivua viatu mlangoni ili asisikike, bila kujua kwamba soksi nazo zina sauti yake. Hakuwahi kumdhuru mtu kwa aliyoyasikia. Aliyasikia tu, akamhadithia mumewe, wakacheka, siku ikaisha. Sasa fundi amekuja na kitu laini cha kumzibia dirisha lake la pekee.

"Wote walisema sakafu," akasema Mzee Mashine, aliyekuwa amekishika kipande cha sponji na kukikunja kunja. "Waliteswa na kelele. Tuweke hii ya kimya."

"Sponji inaleta kunguni," mkewe akapaza sauti.

"Nani ana kunguni?"

"Hakuna mwenye kunguni. Nasema sponji."

"Kama ni mwalimu wa udereva, nilijua. Alikuwa anajikuna."

Mwanamke aliyekuwa akipita nje na ndoo akapunguza mwendo. Mama Redio akafunga dirisha, akamvuta fundi pembeni hadi mlangoni. "Wewe mwambie mzee kwamba sponji imekwisha dukani. Tupige mbao mpya pale palipoliwa, tupake rangi, basi."

"Mama, mimi ni fundi. Si shahidi wa uongo."

"Nani kakwambia useme uongo? Akikuuliza, kaa kimya. Kukaa kimya tangu lini kukawa uongo?"

* * *

Mkunga alikuja siku fundi alipoanza kupima na kukata mbao. Alifanya kazi hospitali ya pale karibu, mama mmoja wa makamo mwenye mwendo wa haraka na macho yasiyo na haraka. Aliamkia kwa adabu, "Shikamoo mama, shikamoo mzee," akaeleza shida yake bila kuzunguka: anaingia kazini jioni, anatoka asubuhi, mchana analala. Anataka mahali penye utulivu na watu waungwana.

"Umefika," akasema Mama Redio. "Hapa utulivu ndio wenyewe. Mume wangu hata kupiga chafya anaomba ruhusa."

Mkunga akapanda juu pamoja na fundi. Mama Redio akabaki chini, akainua uso na kusikiliza. Hatua nzito, zilizonyooka, mtu asiyejua kunyata. Akaingia chumba cha kwanza, akasimama dirishani, akaenda cha pili. Alikuwa anapapenda, miguu haidanganyi. Mama Redio akamsogelea mumewe haraka, maana mipango lazima ipangwe kabla mgeni hajashuka.

"Huyu analipa," akamwambia, kwa ile sauti yao ya kila siku. "Ana kazi ya serikali."

"Ana nini?"

"Kazi ya serikali. Sikiliza. Tunamtajia kodi ile ile ya mwalimu, tusimtishe. Akishazoea, miezi michache tu, tunapandisha. Kwa mwili ule na kitanda chake, atahamia wapi?"

"Sawa," akasema mzee.

"Na usimwambie habari za bomba la bafuni."

"Bomba la wapi?"

"La bafuni. Lile linalokohoa na kutoa kutu. Akiuliza, sema maji yanatoka kila siku. Na mwanao akija, mwambie huyu ameshalipa, umesikia? Ameshalipa."

"Nimesikia. Ameshalipa."

Juu palikuwa kimya. Kisha hatua zikarudi mlangoni, zikashuka ngazi polepole. Mkunga akaingia, akaketi alipokaribishwa, akapokea kikombe chake cha chai, akanywa funda moja.

"Vyumba vizuri, mama. Dirisha zuri. Bomba la bafuni lina nini?"

Mama Redio akahisi masikio yakipata moto. "Bomba gani, mwanangu?"

"Lile ambalo mzee asiniambie."

Mzee Mashine, alipoona wote wamenyamaza na kumtazama, akaamua kwamba zamu yake imefika. "Maji yanatoka kila siku," akasema kwa fahari. "Na umeshalipa."

Mkunga akaweka kikombe chini taratibu. Akasimama, akarekebisha mkoba. "Nitafikiri, mama. Asanteni kwa chai." Mlangoni akageuka, bila hasira yoyote. "Na kitanda changu si kizito hivyo. Kinakunjwa."

Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu, kichwa katikati ya magoti, mabega yakimtikisika.

* * *

Ilimchukua Mama Redio muda kuamini. Yeye ndiye anayesikia wa juu. Tangu lini wa juu wakasikia? Lakini akili ilipoanza kutembea, ilitembea hadi mwisho. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kukaa juu huku chini kukiwa na maongezi, maana maongezi yote ya nyumba ile yalikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa akimwaga mtama kwenye kuku wengi, tena kila siku.

Akaanza kukumbuka. Alimwambia mumewe kwamba mgeni wa fundi cherehani ana miguu kama upinde na hataoa mtu. Alimwambia kwamba mwalimu wa udereva ni bahili, ndiyo maana hana mke. Na ya maharusi, yarabi, ya maharusi alikuwa akimhadithia mzee asubuhi kwa asubuhi, na mzee alikuwa akiomba arudiwe kwa kuwa hakusikia vizuri. Mama Redio akajifunika uso kwa viganja. Walimhama mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemtukana. Waliisingizia sakafu.

"Kaa na mzee hapo chini, umzungumzishe," akamwambia fundi. "Nataka kusikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Akapanda. Chumba cha juu kilikuwa kitupu, viatu vya kazi vya fundi vimewekwa mlangoni, vumbi la msumeno limetapakaa. Akapiga magoti, akainamisha sikio kwenye ufa kati ya mbao mbili. Alitegemea kusikia utani wa fundi. Badala yake akasikia lango, kisha sauti ya mtoto wake, aliyekuja siku ambayo si yake.

"Mama yuko wapi?"

"Katoka hapa sasa hivi," akajibu fundi.

Kisha mhasibu akapaza sauti, maana kwa baba yake hata yeye hana njia nyingine. Kila neno lilipanda safi kama limefuliwa. "Baba, nimepata mnunuzi. Nimekuja kukwambia mapema. Mama nilishamweleza, na wewe utakwenda kwa Baba Mkubwa."

"Najua," akasema Mzee Mashine.

"Mama alikwambia?"

"Mama yako alinidanganya. Alisema tutengeneze sakafu. Lakini mimi nimeishi miaka kwa kutazama midomo, na siku ile ulinipa mgongo lakini yeye alikuwa ananitazama. Uso wake nausoma bila miwani." Mzee akakohoa. Juu, Mama Redio alikuwa ameshika mbao kwa vidole vyote. "Mwanangu, mimi ni kiziwi wa watu wote isipokuwa mmoja. Wewe ulichoka kunipazia sauti, ukaninunulia kidude. Baba Mkubwa wako ananipungia mkono tu, kama napita barabarani. Huyu mama hajachoka hata siku moja. Kila kitu kinachotokea duniani ananiambia, na akiona sijasikia anarudia. Ukimpeleka kwako, mimi ndipo nitakapokuwa kiziwi."

Mama Redio alilia pale pale juu ya vumbi la msumeno, kimya kimya, kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya nyumba ile na habari asiyoweza kumhadithia mtu.

"Baba, mimi sina ubaya," mhasibu akasema hatimaye, sauti imeshuka kidogo. "Lakini mpangaji hakuna. Bila mpangaji hamwezi."

Hapo Mama Redio alifuta machozi kwa upindo wa nguo. Akavitazama viatu vya fundi. Vilikuwa vikubwa, vyenye soli ngumu. Akaingiza miguu, akasimama, akatembea: hatua nzito, zilizonyooka, kutoka mlangoni hadi dirishani, akarudi. Mbao zikalia kama zinavyolia kwa mpangaji wa haki.

"Juu kuna nani?" mhasibu akauliza.

"Wapi?" akauliza Mzee Mashine, na huyo kwa kweli hakusikia kitu.

Fundi, ambaye si shahidi wa uongo, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mtu anazoea chumba." Na hilo, ukiliangalia kwa makini, halikuwa uongo.

"Kumbe mmepata? Mbona mama hakuniambia?"

"Ameshalipa," akasema Mzee Mashine, aliyeona midomo ikiuliza na kukumbuka aliloagizwa.

Mhasibu akasimama kwa muda, akisikiliza hatua zikienda na kurudi. "Basi mwezi ukianza nitakuja kumsalimia," akasema. Lango likalia, akaondoka. Juu, Mama Redio akaketi chini na viatu vya watu miguuni, akajua kwamba sasa amejitia kwenye kisima alichochimba mwenyewe.

* * *

Asubuhi alikwenda kumsubiri Mkunga kwenye lango la hospitali. Mlinzi alimwondoa kwenye kivuli, akamwambia hapo ni pa magari. Alipokwenda kwenye benchi, mlinzi akamwambia benchi ni la wagonjwa.

"Una mgonjwa, mama?"

"Sina."

"Una mzazi wodini?"

"Namsubiri mpangaji."

Mlinzi akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Mpangaji humsubiri mwenye nyumba," akasema, "si mwenye nyumba amsubiri mpangaji." Mama Redio, ambaye siku nyingine angemjibu mpaka ajute, akaenda kusimama juani.

Mkunga alitoka na uchovu wa usiku machoni. Alipomwona, hakushangaa sana.

"Bomba linakohoa," akasema Mama Redio kabla hata ya salamu. "Linatoa kutu asubuhi, ukiliacha kidogo linatakata. Nitalitengeneza. Na kodi tulitaka kuipandisha ukishazoea. Na niliusema mwili wako. Nisamehe, mwanangu. Mwili wako hauna kosa." Akashika pumzi. "Mtoto wangu anataka kuuza nyumba. Mimi niende kwake, mzee aende shambani. Usipoingia wewe, sitamwona tena mume wangu ila kwenye misiba. Nimeshamdanganya mtoto kwamba umeingia. Nilitembea mimi, na viatu vya fundi."

Mkunga alikuwa na sura ya mtu anayejizuia. "Na viatu vya fundi?"

"Vikubwa hivi."

Hapo Mkunga akacheka. Alicheka hadi akashika lango, na mlinzi akageuka kutazama. "Mama," alisema alipopata pumzi, "nimepanga nyumba nyingi mimi. Wenye nyumba wote wanapanga njama. Kodi wanapandisha wote, bomba wanaficha wote. Ila nyie ndio mmenikaribisha kikaoni."

"Fundi ataweka sponji," Mama Redio akasema haraka. "Nene. Hutatusikia kabisa."

"Hapana. Sponji sitaki."

"Lakini ulisema utulivu."

"Mchana nitalala, nitaziba masikio kwa pamba, kazi yangu imenifundisha. Lakini sponji usiweke. Wekeni mbao tupu, na nyufa msizibe. Siku mkipanga kunipandishia kodi, nataka niwe nimepata taarifa pamoja na mzee."

* * *

Fundi alibadilisha mbao zilizoliwa, akapiga msasa, akapaka vanishi mpaka sakafu ikang'aa. Alitia huruma alivyokunja sponji yake na kuirudisha kwenye begi. "Nizibe hata hizi nyufa kubwa?" aliuliza. Akaambiwa mpangaji mwenyewe amekataza. Bomba likaachwa wazi siku nzima mpaka likatapika kutu yake yote, likanyooka.

Mwezi ulipoanza mhasibu alikuja, akapanda kumsalimia mpangaji, akamkuta mtu kamili na kitanda kinachokunjwa. Alishuka na viatu mkononi, maana Mkunga hakumruhusu akanyage vanishi navyo. Alikunywa chai, akamuuliza baba yake hali kwa sauti ya kutosha, akarudia mzee aliposema hakusikia. Habari za mnunuzi hakuzitaja.

Lakini tatizo jipya lilikuwepo, nalo lilimsumbua Mama Redio kuliko la zamani. Habari zilikuwa nyingi na hakuwa na pa kuzisemea. Akipaza sauti, juu kunasikika. Asipopaza, mzee hasikii. Alikaa siku kadhaa na maneno tumboni mpaka akavimba uso, na mumewe akaanza kumuuliza kama ni mgonjwa.

Jioni moja, Mkunga akiwa juu anajiandaa kwenda kazini, Mama Redio alishindwa. Akahamia kwenye kochi la mumewe, akakaa ubavuni mwake, karibu kuliko alivyokaa kwa miaka mingi. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwekea mdomo sikioni kabisa, akasema polepole.

Mzee akaruka kidogo, pumzi ilimtekenya. "Ulisikia nini?" akauliza, kwa sauti iliyotetemesha vikombe.

Mama Redio akamziba mdomo kwa kiganja, akarudi sikioni. Alimweleza yote, yale aliyoyasikia akiwa amepiga magoti juu ya vumbi la msumeno, na lake moja ambalo hakuwahi kumwambia kwa sababu mambo kama hayo huwezi kuyasema kwa kupaza sauti. Mzee Mashine alisikiliza. Alisikia kila neno. Macho yakamjaa machozi, kisha akaanza kucheka, akacheka kama kijana.

Juu yao hatua zilisimama. Zikakaa hapo hapo, juu ya kochi, muda mrefu.

"Mama," ikashuka sauti ya Mkunga kupitia nyufa. "Hiyo ya leo sijaisikia."

Mama Redio hakuuondoa mkono wake shavuni mwa mumewe.

"Hiyo haimo kwenye kodi, mwanangu."